Mpiga Drams wa Rangi Mbichi

Kwenye kituo cha polisi walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Wenzake walidai kwamba kesi ya kuku aliyeibwa ikifika mezani kwake, siku anaifunga kuku ameshapata wajukuu. Mwenyewe aliwajibu kwamba hajawahi kumweka ndani mtu asiye na kosa, na wenye haraka wapite, barabara ni pana. Lakini asubuhi ile hata yeye aliitazama saa yake kabla ya kuingia kwenye ukumbi wa maonyesho. Saa kumi jioni milango ilikuwa ifunguliwe tena kwa watu, siku ya tatu ya maonyesho, na msimamizi wa ukumbi alikuwa akimsubiri barazani, tai imemkaba na jasho linamtoka.

"Afande, nataka jibu la neno moja tu," alisema. "Yule aliyevaa barakoa kwenye video ni marehemu Mchongaji au siye? Kama ndiye, nafungua. Kama siye, tumewadanganya watu. Nateremsha kazi yote, na huyu mama unaondoka naye."

Huyu mama alikuwa amesimama hapohapo, mikono kifuani, anasikiliza jinsi anavyogawiwa. Watu walimwita Mpiga Picha. Alikuwa mnene kiasi, funguo shingoni, sauti imekwaruza kwa miaka ya kuimba, na kazi iliyokuwa ndani ya ukumbi ilikuwa yake. Miaka mingi nyuma, yeye na wasanii wenzake wanne waliokuwa wakipanga jengo moja la karakana walianzisha bendi ya roki, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua kupiga chombo chochote. Waliiita Rangi Mbichi, jina walilolisoma kwenye kibao kilichotundikwa mlangoni siku mlango ulipopakwa rangi. Watu walianza kwenda kuwacheka, baadaye wakawa wanaenda kuwasikiliza, na mwishowe wakawa wanakosa pa kusimama.

"Una la kusema, mama?" Taratibu alimuuliza.

"Ingia kwanza uone. Wengi wanapenda kuuliza kabla hawajaona."

Alifunua pazia zito jeusi. Chumba kilikuwa kikubwa, giza, hakina kiti hata kimoja. Skrini tano zilisimama kwa duara, kila moja kubwa kuliko mlango, na chini ya kila skrini spika yake. Mpiga Picha alimwonyesha pa kusimama, katikati, akabonyeza rimoti.

Walitokea mmoja mmoja. Mfinyanzi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, udongo umemkauka mpaka viwikoni, gitaa la besi mapajani. Mfumaji alikuwa kati ya nyuzi, kinanda kimewekwa juu ya kitanda cha kufumia. Mpiga Picha mwenyewe alikuwa ndani ya chumba chake cha kusafishia picha, kwenye taa nyekundu, anaimba akiwa ameukabili ukuta. Mchoraji, mzee mwembamba mrefu, alikuwa amevaa aproni iliyokakamaa kwa rangi, gitaa limefungwa mkanda wa kamba ya katani. Na kwenye skrini ya tano, kati ya mageti na vipande vya mabati, mtu mwembamba mwenye barakoa ya kuchomelea vyuma alikuwa ameketi nyuma ya drams. Kila mmoja alikuwa na hedfoni masikioni, peke yake, chumbani kwake.

Taratibu hakuwa mtu wa muziki. Redio yake ya nyumbani ilikuwa ya taarifa ya habari na hali ya hewa. Lakini wimbo ulipomzunguka pande zote tano, besi ikimgusa mgongoni na gitaa likimwita kushoto, vinyweleo vilimsimama. Watu hawa walikuwa hawapigi vizuri kwa maana ya vitabuni. Walipiga kama watu wanaotengeneza kitu, kila mmoja analeta kipande chake anakifunga kwa mwenzake, na kitu kile kilikuwa kinasimama mbele ya macho yake. Alitembea. Akienda kwa Mfumaji, alisikia vidole vyake vikiteleza. Akirudi kwa Mchoraji, alisikia aproni ikikwaruza gitaa. Alijikuta anatabasamu gizani kama mjinga, akashukuru kwamba hakuna askari mwenzake aliyemwona.

Katikati ya wimbo, drams zilinyamaza. Wote walinyamaza. Pakabaki sauti moja tu ya chuma kugongwa, *ting*, inachelewa kidogo, *ting*, inachelewa tena. Mwenye barakoa aliinuka kitini, vijiti vyote viwili mkononi, akatazama drams zake. Halafu akarudi kuketi, na wimbo ukaanza tena kwa nguvu.

Ulipokwisha, Taratibu alikumbuka kwamba analipwa kuuliza.

"Hapo katikati, kwa nini wananyamaza?"

"Kwa sababu ya Mchongaji," alisema Mpiga Picha, na sauti yake ililainika. "Tangu siku ya kwanza alikuwa anaacha kupiga wimbo ukiwa unaendelea, anainuka kutazama, utadhani drams ni sanamu anayoichonga. Tulimgombeza, tukachoka. Mwishowe kila wimbo tukauachia tundu lake. Watu wakasema ni ubunifu."

"Na siku ya kurekodi, nani mwingine alikuwa chumbani naye?"

"Sharti la kazi hii limeandikwa mlangoni. Kila mmoja amepiga mwenyewe, peke yake, katika karakana yake. Mimi naweka kamera, naondoka. Mwenyewe anaiwasha, mwenyewe anaizima."

"Sijauliza sharti, mama. Nimeuliza nani alikuwamo."

"Nimekujibu."

"Na sauti ya chuma? Mtu ameinuka, vijiti vyote mkononi, chuma kinalia."

Mpiga Picha alianza kuzihesabu funguo zake. "Kila karakana ina kelele zake," alisema.

Taratibu alimshukuru kwa adabu. Mtu anayepaka mafuta kwa mgongo wa chupa huwa haoni kwamba mwenzake bado amekauka.

*

Binti wa marehemu alimpeleka karakana ya baba yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa mbali, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayezungumza kwa mpangilio na kukasirika kwa mpangilio vilevile. Ndiye aliyepeleka malalamiko polisi, na ndiye aliyesimama mlangoni mwa ukumbi siku mbili akimwambia kila anayepita kwamba wameonyeshwa mtu mwingine.

"Nataka unielewe, afande," alisema akifungua kufuli. "Baba alikuwa hapendi kupigwa picha. Zote nilizo nazo ameweka kiganja usoni. Hii video ndiyo pekee anamoonekana akitembea. Kama ni yeye, nitaitazama mpaka nizeeke. Kama si yeye, basi sina kitu, na wao wamenipa mgeni niseme ni mzazi wangu."

"Na wewe unasema si yeye."

"Si yeye."

"Umejuaje?"

Mwalimu wa hesabu alizungusha kufuli mkononi. "Hapo ndipo ninaposhindwa. Nimeitazama mara nyingi. Mabega ni ya mzee yeyote mwembamba. Uso hauonekani. Lakini kuna mahali moyo unakataa."

Taratibu hakumcheka. Moyo hauna cheo mahakamani, lakini yeye alikuwa ameona kesi nyingi zikianzia hapo. Alianza na yale yanayoshikika. Kwenye skrini, nyuma ya mpigaji, palikuwa na geti lenye maua ya chuma ambalo halijakamilika.

"Lile geti liko wapi?"

"Mteja wake alilichukua kabla baba hajalazwa."

"Basi video ilipigwa baba yako akiwa hai. Hilo tuliweke kando. Na barakoa?"

Ilikuwa imetundikwa msumarini. Mkanda wake ulikuwa umekatika siku nyingi na kufungwa kwa waya mwekundu, mizunguko mitatu na kifundo. Taratibu alikuwa na picha ya skrini kwenye simu yake. Waya ulikuwa uleule, kifundo kilekile.

"Barakoa ni yake. Kwa hiyo aliyeivaa aliingia humu, baba yako akiwa hai, akaivaa. Ni rafiki au ni mwizi. Unamshuku nani?"

"Mfinyanzi," binti alijibu bila kusita. "Siku zote alikuwa anazitaka zile drams. Walishawahi kununiana mwezi mzima kwa ajili ya drams hizo."

Taratibu alimpigia Mfinyanzi palepale, akaweka spika.

"Mimi? Nipige drams?" Mfinyanzi alisema, na nyuma yake ilisikika redio na mtu anayefagia. "Afande, nilizitaka zamani, nikiwa na kiuno. Sasa hivi nikiinuka kwenye kigoda lazima niitiwe watu wawili."

"Siku Mchongaji aliporekodiwa ulikuwa wapi?"

"Nachoma vyungu. Tanuru ukiliacha linakulipiza kisasi. Muulize mke wangu, alikuja kuninunia saa za chakula akarudi. Aliyekuwa anashinda kwa Mchongaji ni Mchoraji. Na tangu mazishi hata simu zangu hapokei. Mkimwona mwambieni nina rangi zake, sijazila."

Binti aliitazama simu ilivyozimika. "Baba mdogo?" alisema. Kumbe ndivyo alivyokuwa akimwita Mchoraji tangu utotoni. "Alibeba jeneza, akaondoka hata bila kuniaga. Nilidhani ni huzuni."

"Huenda ikawa huzuni. Wewe, ukiwa mtoto, ulikuwa unakaa wapi baba yako akifanya kazi?"

"Humu?" Binti alitazama huku na huku, akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Sikuwa na pa kukaa. Kila nikikaa, 'Nipishe, mama.' Nikihamia kule, 'Nipishe.' Alikuwa hatulii. Anachomelea kidogo, anazunguka. Anagonga kidogo, anazunguka. Anataka kuona mgongo wa kitu, anataka kuona ubavu. Tazama hata sakafu."

Taratibu alitazama. Kuzunguka ile meza ya chuma, na kuzunguka drams zilizokuwa karibu yake, saruji ilikuwa imelika na kung'aa. Ilikuwa njia ya duara, imechimbwa kwa miguu ya mtu mmoja kwa miaka yote. Alichuchumaa, akaigusa kwa kiganja. Alipokuwa chini aliona kitu kingine: vipande vitatu vya plasta nyeupe vilivyobandikwa sakafuni, mahali Mpiga Picha alipoweka miguu ya kamera yake.

Aliinuka, akasimama pale kamera iliposimama, akageuka nyuma. Huko, ambako kamera haikuweza kuona, palikuwa na ndoo iliyofudikizwa na mto mdogo juu yake. Kando ya ndoo, kipande cha reli kilining'inia kwa mnyororo. Juu ya mto palikuwa na spana kubwa, na kwenye mpini wake kitambaa kilizungushwa kwa unene, ili kuushika kusiumize.

"Hii reli ilikuwa hapa siku zote?"

"Ilikuwa pale dirishani. Alikuwa anajaribia nyundo."

Taratibu aliketi kwenye ndoo, akachukua spana, akagonga. *Ting*. Ilikuwa sauti ya ukumbini, bila shaka yoyote. Kutoka kitini kwa drams mpaka pale, mkono wa binadamu haufiki.

"Walikuwa wawili," Taratibu alisema. "Mmoja mbele ya kamera, mmoja nyuma yake."

"Nani na nani?"

"Twende ukumbini. Njiani nitampigia msimamizi amwite baba yako mdogo. Asimwambie ni kwa ajili ya nini."

*

Walirudi ndani ya duara la skrini. Mpiga Picha alibaki kwenye pazia na rimoti yake. Taratibu alimsimamisha binti mbele ya skrini ya drams na kumwambia asitazame mikono, wala mabega, wala barakoa.

"Tazama miguu. Wimbo ukinyamaza, nifuatie miguu tu."

Wimbo uliwazunguka tena, na Taratibu alikiri moyoni kwamba ulikuwa mzuri kuliko asubuhi. Drams zilinyamaza. Mwenye barakoa aliinuka. Mbele yake, sakafuni, njia ya duara ilionekana wazi iking'aa kwenye mwanga wa dirisha. Hakuikanyaga. Alirudi nyuma hatua mbili, moja kwa moja, akainamisha kichwa upande wa kulia, akatulia, halafu akarudi mbele hatua zilezile mbili na kuketi.

Binti aliweka mkono mdomoni. "Hakuzunguka."

"Hakuzunguka. Mama, irudishe hapo. Na wewe, mwalimu, sasa geuka. Watazame wengine."

Picha ilirudi. Wakati wa kunyamaza, kila msanii alikuwa anakitazama chombo chake kwa namna alivyozoea kutazama kazi ya mikono yake. Mfinyanzi hakuinuka. Alilizungusha gitaa la besi mapajani, maana kwake kinachozunguka ni kazi, yeye ametulia. Mfumaji aliinama akachungulia upande wa nyuma wa kinanda, kutafuta vifundo. Na Mchoraji alirudi nyuma hatua mbili, moja kwa moja, akainamisha kichwa upande wa kulia. Upande wa pili wa chumba, mwenye barakoa alikuwa anafanya hivyohivyo. Watu wawili kwenye kuta mbili walirudi nyuma pamoja, wakainamisha vichwa pamoja, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na haja ya kuivua barakoa.

"Mchongaji kazi yake ina mgongo," Taratibu alisema. "Lazima aizunguke. Picha ya kuchora haina mgongo. Ukitaka kuiona, unarudi nyuma. Alikumbuka mengi yule mzee. Alikumbuka kuivaa barakoa, alikumbuka kwamba hapo katikati lazima ainuke. Lakini miguu yake ilifuata fani yake mwenyewe."

"Ni baba mdogo," binti alisema polepole.

"Nadhani. Lakini sipeleki dhana kwa msimamizi. Njoo."

Mchoraji alikuwa ameshafika barazani. Alikuwa amepungua kuliko kwenye skrini, koti limemzidi, kofia mkononi. Alipomwona binti aliangusha macho. Taratibu alimpa mkono, akamsalimia shikamoo, halafu akamwonyesha bango la maonyesho lililokuwa limetundikwa ukutani.

"Mzee, wewe una jicho. Msimamizi anasema limekaa sawa, mimi naliona limelala. Hebu tutazamie."

Mchoraji alishangaa, lakini ukimuuliza mtu wa fani jambo la fani yake utamsahaulisha hata msiba. Alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande wa kulia. "Limelala kushoto," alisema. "Kidogo tu."

Kisha akawaona wote wanamtazama miguu, akaelewa. Aliivaa kofia, akaivua tena.

"Nilijua itafika," alisema.

"Ni wewe uliyepiga drams?"

"Ni mimi."

"Na aliyekuwa kwenye ndoo anagonga reli?"

Mzee alimtazama binti. "Ni yeye."

Binti alisogea hatua moja. "Baba alikuwa chumbani? Sasa kwa nini hakupiga mwenyewe?"

"Mikono, mwanangu. Mikono ilikuwa haimtii. Tangu mwaka uliotangulia ilikuwa inatetemeka. Ulipopiga simu, mimi ndiye niliyekuwa namshikia. Kijiti kilikuwa hakikai vidoleni, kinaruka kama samaki. Siku ya kurekodi aliniita, akanivisha barakoa kwa mikono ileile, akaniambia, 'Leo utakuwa mimi.' Nikamwambia sijui kuhesabu mapigo, mimi ndiye niliyekuwa nawapoteza wote. Akasema, 'Nitakuhesabia.' Akakaa nyuma ya kamera, akashika spana kwa mikono yote miwili, akawa ananigongea. Kila pigo lilikuwa linachelewa, kwa sababu mpaka aitulize mikono. Nami nilimfuata hivyo hivyo, nikichelewa naye."

Taratibu alikumbuka jinsi wimbo ulivyokuwa ukichechemea, na jinsi alivyoupenda kwa sababu hiyohiyo.

"Na mama hapa alijua?"

"Nilijua nilipoitazama," Mpiga Picha alijibu kutoka mlangoni. "Nilimwendea kitandani kumuuliza. Akatuapisha sote wawili."

"Mkaniacha nisimame mlangoni siku mbili napayuka kama kichaa," binti alisema. "Ningekufungisha, shangazi. Afande alikuwa amekuja kukuchukua."

"Angenichukua. Kiapo cha mgonjwa ni kizito, mwanangu. Mimi nimeimba naye nusu ya maisha yangu."

Taratibu aliinua mkono kabla hawajaanza kulia wote kwa pamoja, kwa maana alikuwa bado na swali.

"Nataka kiapo chenyewe. Alisema nini, kwa maneno yake?"

Wazee wawili walitazamana. "Alisema, 'Mwanangu asinione hivi,'" alijibu Mchoraji.

"Na kamera. Mama, uliniambia mwenyewe anaiwasha, mwenyewe anaizima. Nani aliizima siku ile?"

Mpiga Picha alizishika funguo zake. "Mchongaji mwenyewe. Wimbo ulipokwisha kamera ilikuwa inaendelea. Waliongea kidogo, halafu akaja kuizima. Anaonekana, afande. Anaonekana mikono na kila kitu. Ndiyo maana nilikata pale wimbo unapokoma. Hicho kipande sijamwonyesha mtu na sitamwonyesha."

"Usimwonyeshe. Lakini hakusema mwanawe asimsikie."

Mpiga Picha aliutazama uso wa Taratibu, halafu wa binti, kisha akainua rimoti.

"Naweza kuzima picha," alisema, "nikaacha spika."

Waliingia wanne. Skrini zote zilizimwa na giza likawa kamili. Binti aliketi chini, mbele kabisa ya spika ya drams, magoti kifuani. Mchoraji alisimama mbali, mgongo ukutani. Kulisikika mlio wa mwisho wa sahani za drams ukififia, halafu pumzi ya mtu aliyechoka, halafu spana kuwekwa chini.

"Umeharibu," ilisema sauti ya mzee, nzito na yenye mzaha.

Binti alishtuka mwili mzima.

"Wapi?" Ilikuwa sauti ya Mchoraji, imefunikwa na barakoa.

"Katikati. Umerudi nyuma kama mtu anayetazama ukuta. Mimi nazunguka, bwana. Miaka yote hii hujaniona nikizunguka?"

"Nimesahau. Turudie."

Kikohozi kilikuja, kikakaa sana.

"Mtoto wangu atajua si mimi," mzee alisema.

"Ndiyo nasema turudie."

"Aa-aa. Iache."

"Iache kwa nini, na umesema ataijua?"

"Kwa sababu ataijua. Wengine wote watapigwa chenga, yeye hapigiki. Nimemfukuza kila kona ya chumba hiki, naye kila kona alikuwa ananitazama tu." Mzee alicheka, na kicheko kikamwishia pumzi. "Wewe unadhani ni watu wangapi duniani wana mtu wa kuwatazama hivyo? Iache, ndugu yangu. Siku akiikataa, mjue nilikuwa na mtoto."

Viatu viliburuzwa, vikakaribia. Kitu kiligusa kamera mara kadhaa, kikiteleza, kikitafuta kitufe. Sauti ikakatika.

Hakuna aliyewasha taa. Binti alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye spika na alikuwa analia kwa sauti, bila kujizuia. Mchoraji alikuja kutoka ukutani, akapiga magoti kando yake kwa shida, na binti akamvuta koti bila kugeuka, akamshikilia hapo.

Pazia lilisogea, msimamizi akaingiza kichwa. "Afande, samahani. Watu wamejaa mpaka barabarani. Nifungue au niteremshe? Ndiye au siye?"

Taratibu alimwachia binti. Hakuona mtu mwingine mwenye haki ya kulijibu swali lile.

Binti alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Fungua," alisema. "Lakini andikeni ukweli hapo mlangoni. Anayepiga drams ni baba mdogo. Baba yangu ni yule anayechelewa kidogo."